Kuruka Ngazi, Kuipitia Yote au Kuibana: Ulinganisho kwa Mzazi Anayefundisha Sarufi Nyumbani

Mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani hufika kwenye njia panda hii mara nyingi kuliko mwalimu wa darasani, kwa sababu hana kalenda ya shule inayomwamulia. Mtoto amemaliza kitabu cha sarufi cha ngazi ya tatu kabla ya muda uliopangwa, alama zake katika majaribio ya mwisho wa sura ni za juu, na mzazi anapokifungua kitabu cha ngazi ya nne anakuta sura za mwanzo zikirudia nomino, vitenzi na vivumishi ambavyo mtoto hababaiki navyo hata kidogo. Hapo swali linajitokeza lenyewe: je, aiache ngazi ya nne na kumpeleka mtoto moja kwa moja kwenye ya tano, aipitie yote kama ilivyoandikwa, au aibane, yaani afundishe yale tu ambayo mtoto hajayajua na kuyapita mengine?

Makala haya yanazilinganisha njia hizo tatu, na mifano yake yote inatoka katika sarufi ya Kiswahili. Nautanguliza msimamo wangu ili msomaji aupime anavyoendelea kusoma. Kuibana ngazi ndiko kunakowafaa watoto wengi. Kuiruka moja kwa moja kunafaa pale tu ambapo ngazi inayorukwa haina jambo jipya ambalo ngazi za mbele zitalitegemea. Kuipitia yote kunamfaa mtoto ambaye alama zake za juu zimetokana na kulitambua jibu sahihi analowekewa mbele, huku yeye mwenyewe bado hawezi kuitumia kanuni anapoandika. Umri wa mtoto, ambao wazazi wengi huutanguliza, ni kigezo dhaifu kuliko vyote, isipokuwa kwa mtoto mdogo ambaye mkono wake bado haujazoea kuandika kurasa nyingi.

Kipime kitabu kabla ya kumpima mtoto

Mitaala ya sarufi hujengwa kwa mojawapo ya mitindo miwili, na mtindo huo ndio unaoamua gharama ya kuruka. Wa kwanza ni wa mzunguko, ambao mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner aliueleza mwaka 1960: mada ileile hurudiwa katika kila ngazi, kila mara kwa kina zaidi. Katika mtaala wa namna hiyo mtoto hukutana na ngeli kwanza kwa umoja na wingi wa nomino peke yake, akazikuta tena katika ngazi inayofuata pamoja na vivumishi na vitenzi, na baadaye pamoja na viwakilishi na virejeshi. Mtindo wa pili ni wa umahiri, unaohusishwa zaidi na mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom, aliyeandika kuuhusu mwaka 1968. Humo mada moja hufundishwa mpaka mwanafunzi aimudu, kisha kitabu husonga mbele, na mada hiyo hairudiwi ila kwa mazoezi mafupi ya kukumbusha.

Katika mtaala wa mzunguko, kuruka ngazi moja hugharimu kidogo, kwa kuwa ngazi ya tano itaanza kwa kurudia sehemu kubwa ya yale ya ngazi ya nne, na mtoto mwepesi atayadaka humo humo. Katika mtaala wa umahiri gharama inaweza kuwa kubwa, kwa sababu sura iliyorukwa huenda ikawa ndiyo pekee inayolieleza jambo fulani katika mfululizo mzima. Majalada hayamwambii mzazi mtaala wake ni wa aina gani, na maelezo ya wachapishaji mara nyingi hudai sifa zote mbili kwa pamoja. Njia ya uhakika ni kuyaweka mezani yaliyomo ya vitabu vitatu, yaani kilichomalizika, kinachofikiriwa kurukwa na kile cha baada yake, kisha kupiga mstari chini ya kila mada ya kitabu cha kati ambayo haimo katika cha kwanza. Hatua inayofuata, ambayo wengi huisahau, ni kutazama kama mada hizo zilizopigiwa mstari zinaelezwa upya katika kitabu cha tatu au zinatumiwa tu kana kwamba msomaji anazijua tangu zamani.

Tuchukue mnyambuliko wa vitenzi. Mtoto anayefundishwa kauli ya kutendea hujifunza pia kanuni ya irabu inayoiongoza: kitenzi ambacho irabu ya mwisho ya mzizi wake ni a, i au u huchukua kiambishi chenye i, kama katika katia, andikia na fungia, na kile ambacho irabu hiyo ni e au o huchukua kiambishi chenye e, kama katika semea na somea. Kanuni hiyo haiishii hapo. Hurudi katika kauli ya kutendeka, ambako tuna andikika upande mmoja na someka upande mwingine, na hurudi tena katika kauli ya kutendesha, ambako tuna andikisha na somesha. Hujitokeza hata pale ambapo konsonanti l, isiyoonekana katika kitenzi cha kawaida, huibuka: chukua hutoa chukulia, na ng’oa hutoa ng’olea. Ikiwa kitabu cha ngazi ya nne ndicho kinachoieleza kanuni hii na cha ngazi ya tano kinaitumia bila maelezo, mtoto aliyerushwa atayapata majibu mengi kwa sikio, kwa kuwa maneno hayo ameyasikia tangu alipoanza kuzungumza, lakini atakwama atakapopewa kitenzi asichokizoea, na mzazi hatajua kwamba kikwazo kilianzia kwenye sura ambayo haikufunguliwa kamwe.

Kinyume chake, ngazi ambayo yaliyomo yake ni aina za maneno kwa mara ya tatu, uakifishaji, umoja na wingi, pamoja na mazoezi ya kujaza nafasi, haina cha kumdai mtoto anayeyamudu hayo. Ngazi ya namna hiyo inaweza kurukwa bila hofu, na sioni sababu ya mzazi kuinunua kwa ajili ya kutimiza mfululizo tu.

Njia ya kwanza: kuiruka ngazi nzima

Faida ya kuruka ni muda na ari. Mtoto anayefundishwa kwa miezi mingi jambo analolijua huacha kusikiliza, na kinachoumiza zaidi ni kwamba huacha kusikiliza hata pale somo jipya linapoingia katikati ya yale ya zamani. Mjadala kuhusu watoto wanaorushwa madarasa umekuwa mrefu, na ripoti iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 2004 ilikusanya ushahidi wa tafiti za miongo kadhaa na kuhitimisha kwamba kuwaharakisha wanafunzi wenye uwezo mkubwa kwa kawaida huwasaidia, na kwamba hofu ya kuwaumiza kijamii haikuungwa mkono na ushahidi huo. Mzazi wa nyumbani asome hitimisho hilo kwa uangalifu, kwa sababu linawahusu watoto waliochaguliwa kwa makini na kupimwa, na mtoto aliyemaliza kitabu mapema si lazima awe mmoja wao. Hata hivyo mzazi huyu ana nafuu ambayo shule haina. Anaweza kumrusha mtoto katika sarufi pekee na kumwacha alipo katika hisabati na sayansi, na uamuzi huo anaweza kuutengua wakati wowote bila mtoto kuaibika mbele ya wenzake.

Hasara ya kwanza ni mapengo ambayo hayaonekani papo hapo. Sarufi ina tabia ya kuchelewesha adhabu: sura iliyorukwa leo inaweza isihitajike kwa mwaka mzima, kisha ikahitajika katika uchanganuzi wa sentensi changamano, ambapo mtoto asiyejua tofauti ya kishazi huru na kishazi tegemezi anashindwa kuanza hata kuchora jedwali. Hasara ya pili ni uchache wa mazoezi. Tangu mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, imefahamika kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mara tu baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana huimarisha kumbukumbu. Ngazi inayoonekana kuwa ya marudio matupu huenda ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kurudia kwa vipindi. Mtoto aliyeimudu mada mwezi uliopita hajathibitisha bado kwamba ataikumbuka mwakani.

Hasara ya tatu ni ndogo lakini inasumbua sana, nayo ni istilahi. Vitabu hutofautiana katika kuzitaja ngeli. Kimoja huzitaja kwa viambishi vinavyojitokeza katika nomino zenyewe, kikasema M-WA, M-MI na JI-MA. Kingine huzitaja kwa upatanisho wa nomino na kitenzi, kikasema A-WA, U-I na LI-YA. Mtoto aliyeruka ngazi ambayo istilahi za kitabu zilielezwa anaweza kufeli maswali ambayo kwa hakika anayajua, na mzazi akadhani ameshindwa na somo lenyewe. Pengo la aina hii huzibwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani, kwa hiyo lisihesabiwe kuwa sababu ya kutoruka.

Njia ya pili: kuipitia yote

Njia hii ndiyo inayotulia moyoni mwa mzazi mwenye wasiwasi, na ina uzuri wake wa kweli. Haimdai mzazi maandalizi yoyote zaidi ya kufuata mwongozo wa mwalimu. Haiachi pengo. Humpa mtoto mazoea, hasa ya kuandika upatanisho sahihi bila kufikiri, na mazoea ya namna hiyo hayapatikani kwa kueleweshwa mara moja. Kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya kwanza nyumbani, au ambaye Kiswahili chake cha mazungumzo kiko mbali na cha vitabuni, wingi huo wa mazoezi ni chakula chenyewe, na nisingemshauri mzazi wake aruke kitu chochote kabla ya kuona maandishi ya mtoto yametulia.

Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huchaguliwa kwa sababu isiyo sahihi. Wazazi wengi huamini kwamba kila ukurasa wa sarufi unaofanywa humfanya mtoto awe mwandishi bora kwa kiasi fulani, na kwamba ukurasa unaorukwa unaupunguza uandishi wake kwa kiasi hichohicho. Ushahidi haukubaliani na imani hiyo. Mwaka 1963 ripoti ya Braddock, Lloyd-Jones na Schoer nchini Marekani ilieleza kwamba kufundisha sarufi peke yake, ikiwa imetengwa na uandishi, hakuboreshi insha za wanafunzi. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12 na kupata kwamba athari ya mafunzo ya sarufi kwa ubora wa uandishi ilikuwa hasi, kipimo chake kikiwa -0.32, ilhali zoezi la kuunganisha sentensi fupi kuwa ndefu lilileta athari chanya ya 0.50. Tafiti hizo ziliwahusu kwa sehemu kubwa wanafunzi waandikao Kiingereza, lugha ambayo haina mfumo wa ngeli unaogusa takribani kila neno la sentensi, kwa hiyo sitadai kwamba zinahamia kwenye Kiswahili bila kupungua. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: saa zinazookolewa kwa kutorudia sura inayojulikana hazipotei zikitumiwa kuandika, na huenda zikamfaa mtoto kuliko kurasa zile zingemfaa.

Kuna pia uzembe unaozaliwa na wepesi. Mtoto anayefanya zoezi la ishirini la kitu anachokijua huanza kukosea kwa kutosoma swali, alama zake hushuka, na mzazi anayezitazama alama peke yake huona ushahidi kwamba marudio yanahitajika zaidi. Mzunguko huo huvunjwa kwa kumpa mtoto jambo gumu, wala kurasa zaidi za jambo rahisi hazitauvunja.

Njia ya tatu: kuibana ngazi

Kubana ni kuipitia ngazi yote kwa macho ya mwalimu, lakini kumfundisha mtoto sehemu yake tu. Watafiti wa elimu Joseph Renzulli na Sally Reis ndio walioieneza njia hii nchini Marekani, na utafiti ambao Reis na wenzake waliuripoti mwaka 1993 ulionyesha kwamba walimu waliweza kuondoa asilimia 40 hadi 50 ya mafunzo ya kawaida kwa wanafunzi wenye uwezo mkubwa waliochaguliwa, bila matokeo yao katika mitihani kushuka. Asilimia hiyo haimhusu kila mtoto. Hata hivyo inaonyesha ni kiasi gani cha kitabu kinaweza kuwa marudio kwa mtoto anayekitangulia.

Utaratibu wake nyumbani hauna ugumu. Jaribio la mwisho wa sura hutolewa kabla ya sura kufundishwa. Mtoto akipata tisa kwa kumi au zaidi, na makosa yaliyobaki yakawa ya kuteleza tu, sura hiyo haifundishwi. Badala yake anaandika aya moja inayoitumia kanuni ya sura ile, na wanaendelea. Akipata chini ya hapo, mzazi hutazama ni maswali gani yaliyokoswa na kufundisha sehemu zinazohusika. Sura ambayo mada yake haimo katika vitabu vilivyotangulia hufundishwa yote, hata mtoto akifaulu jaribio lake, kwa sababu ufaulu wake huenda umetoka kwenye sikio badala ya kanuni. Kwa mpango huo ngazi iliyokusudiwa mwaka mzima huweza kumalizika katika nusu ya muda au chini, na mzazi anabaki na orodha ya kile hasa alichokifundisha, jambo ambalo anayeruka hanalo.

Gharama ya njia hii inabebwa na mzazi. Inamdai asome mbele ya mtoto, asahihishe majaribio kabla ya somo, na awe tayari kubadilisha mpango wa juma kila mara. Mwenye watoto watatu wa ngazi tatu tofauti ana haki ya kusema kwamba hana nafasi hiyo, na kwake kuipitia yote, tena kwa kumwachia mtoto afanye kazi peke yake, kunaweza kuwa busara zaidi hata kama kunapoteza muda wa mtoto. Pia inamdai asahihishe kwa ukali. Mzazi anayetamani mtoto asonge mbele hulisamehe kosa ambalo mwalimu mgeni asingelisamehe, na kwa sababu hiyo ni vyema majaribio yasahihishwe kwa kufuata majibu ya kitabu bila mjadala, au yasahihishwe na mtu mwingine wa nyumbani.

Jinsi ya kujua kama mtoto anajua

Yote yaliyotangulia yanategemea kipimo, na hapa ndipo uamuzi mwingi unapopotoka. Mazoezi ya kitabu, hasa ya kuchagua jibu na ya kujaza nafasi, hupima kutambua. Swali lenyewe limeshamwambia mtoto kwamba hapa pana ngeli, limemwachia nafasi ya kiambishi kimoja, na pengine limempa majibu manne. Anapoandika kwa hiari yake hapewi ishara yoyote kati ya hizo. Ndiyo maana mtoto anayejaza kwa usahihi “Kiti hiki kimevunjika” katika zoezi la ngeli ya KI-VI anaweza, jioni ileile, kuandika katika barua “kitabu hiyo imepotea”, akiiburuta nomino ya KI-VI hadi kwenye upatanisho wa I-ZI jinsi watu wengi wanavyofanya katika mazungumzo. Alama zake ni za juu, lakini kanuni haijaingia mkononi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiwe ukurasa mmoja wa maandishi huru. Mpe mtoto mada inayomlazimu kutaja vitu vingi, kwa mfano kueleza chumba kilivyo au kazi fulani inavyofanywa, na usimwambie kwamba unatazama sarufi. Akimaliza, soma ukiwa na kalamu na uyagawe makosa mafungu mawili. Kosa lililotokea mara moja, huku jambo lilelile likiwa limeandikwa sahihi mahali pengine katika ukurasa huo, ni la kuteleza, na halizuii chochote. Kosa linalojirudia kwa namna moja kila nafasi inapotokea ni la kutojua. Mtoto anayeandika “watu ambayo”, “kazi ambayo” na “vitu ambayo” anatumia amba- kama neno lisilobadilika, na sentensi ile ya kati imesadifu kuwa sahihi tu. Mzazi anayehesabu makosa atasema mtoto amepata moja na kukosa mbili. Anayesoma mpangilio wake ataona kwamba kanuni haipo kabisa.

Kipimo cha pili kiwe cha kugeuza sentensi kwa mdomo au kwa maandishi, na vitenzi vya silabi moja vinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu havimwachii mtoto njia ya kubahatisha. Anza na “Mtoto anakula.” Aikanushe: jibu ni “Mtoto hali,” na wengi huandika “hakuli” bila kusita. Aiweke katika hali ya mazoea: jibu ni “Mtoto hula,” wala si “hukula.” Aianzishe kwa hali ya -ki-: jibu ni “Mtoto akila,” wala si “akikula.” Aiweke katika wakati uliopita na kuikanusha: hapa ku inarudi, na jibu ni “Mtoto hakula.” Mtoto anayeyapita manne haya kwa vitenzi la, nywa na fa anaumudu mfumo wa viambishi vya wakati na hali kuliko alama yoyote ya kitabu inavyoweza kuonyesha.

Kwa anayefikiria kuingia ngazi za juu, nyongeza mbili zinatosha. Ya kwanza ni sentensi za masharti, ambako -nge- hufuatana na -nge- na -ngali- hufuatana na -ngali-: “Ningejua nisingekuja,” au “Ningalijua nisingalikuja.” Mtoto anayezichanganya katika sentensi moja bado anaihitaji sura hiyo. Ya pili ni virejeshi. Mpe “Mwanafunzi amesoma kitabu” na umwambie aunganishe na “Mwanafunzi huyo ni mdogo.” Akiandika “Mwanafunzi ambaye amesoma kitabu ni mdogo,” ameonyesha kwamba anajua, au angalau anahisi, kuwa -me- haikubali kirejeshi ndani ya kitenzi jinsi -li- inavyokikubali katika “aliyesoma.” Akiandika “mwenye amesoma,” anaandika mazungumzo, na ngazi inayofundisha virejeshi isirukwe hata kama sura nyingine zote anazijua.

Watoto ambao ulinganisho huu hubadilika kwao

Mtoto anayetarajiwa kurudi shuleni au kufanya mtihani wa taifa apimwe kwa kufuata silabasi ya huko anakokwenda, kwa kuwa swali kwake ni kama ngazi inayorukwa ina mada zitakazotahiniwa, hata zile ambazo mzazi anaziona hazina maana. Mtoto aliyehamishwa kutoka mtaala mmoja kwenda mwingine asiwekwe kwa nambari ya ngazi, kwa sababu ngazi ya nne ya mchapishaji mmoja inaweza kulingana na ya tatu au ya tano ya mwingine. Jaribio la kupanga ngazi, kama mtaala mpya unalo, ndilo la kuanzia, na kama haunalo majaribio ya mwisho ya ngazi mbili jirani yanatosha. Mtoto mdogo anayesoma vizuri sana kuliko anavyoandika ana hali ya pekee: akili yake iko ngazi ya tano na mkono wake uko ngazi ya tatu. Kwake kuruka kunafaa iwapo mzazi atakubali majibu mengi yatolewe kwa mdomo na uandishi uachwe ukue kwa kasi yake.

Jambo moja halitegemei mtoto ni yupi. Ngazi isirukwe katika muhula uleule ambao mtaala unabadilishwa, kwa sababu mtoto akikwama haitajulikana kama amekwama kwa kukosa mada zilizorukwa au kwa kutozoea mtindo wa kitabu kipya.

Baada ya kuamua

Anayeruka akihifadhi kitabu kilichorukwa, tena pamoja na mwongozo wake, amejipunguzia sehemu kubwa ya hatari. Sura tatu au nne za kwanza za ngazi mpya zichukuliwe kuwa za majaribio, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi tangu mwanzo, ili kurudi nyuma kusionekane kuwa ni kushindwa. Ishara ya kutazamwa si alama ya chini peke yake, kwa maana ngazi mpya inapaswa kuwa ngumu kidogo. Ishara ni mtoto kuuliza maana ya istilahi ambazo kitabu hakizielezi, kuhitaji msaada katika kila swali la aina moja, au kuandika sahihi katika zoezi na kukosea jambo lilelile katika insha kwa juma la pili mfululizo.

Ishara hizo zikijitokeza, mzazi arudi kwa sura, asirudi kwa ngazi nzima. Kama tatizo ni virejeshi, sura ya virejeshi katika kitabu kilichohifadhiwa hufunguliwa na kufundishwa yote pamoja na mazoezi yake, huku kitabu kipya kikisubiri kwa juma moja au mawili, kisha mtoto anaandika upya ile insha aliyoikosea na kuendelea kuanzia ukurasa alioishia.